Nyumba Zilizoipa Njia Mgongo

Mgeni akiingia Mkomani, Lamu, kwa mara ya kwanza hupiga picha za milango. Hana kingine cha kupiga. Pande zote mbili za kichochoro zimesimama kuta ndefu za mawe, nyingine zimepakwa chokaa juzijuzi, nyingine zimebabuka hadi matumbawe yanaonekana, na ukuta wa nyumba moja ukiisha wa jirani umeshaanza, safu nzima bila bustani wala ua wa mbele, na huku chini bila dirisha la maana. Mlango pekee ndio uliotiwa nakshi. Basi mlango unapigwa picha, unawekwa kwenye kalenda, kwenye kuta za hoteli za Nairobi na kwenye matangazo ya utalii, na Mkenya wa bara anazeeka akiamini kwamba usanifu wa Lamu ni milango.

Ningewaachia watalii imani yao kama ingebaki kwao. Lakini imetuingia hata sisi tunaojidai kuulinda mji. Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo vikao na malalamiko ninayoyasikia karibu yote yanahusu kinachoonekana kutoka njiani: ghorofa iliyozidi, bati lililochomoza, nyaya za umeme, bodaboda zinazopenya mitaa iliyojengewa miguu na punda. Ni malalamiko ya haki. Lakini huko nyuma ya ukuta mtu anaweza kuivunja nyumba ya miaka mia mbili chumba kwa chumba, akabakiza ngozi tu, nasi tukaendelea kusifiana jinsi mji ulivyohifadhiwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu iliipa njia mgongo tangu siku ya kujengwa. Aliyeijenga hakutafuta sifa za wapita njia. Utajiri wake aliufungia ndani, na kadiri ulivyozidi kuingia ndivyo ulivyozidi kuuona, kama ulikuwa mtu wa kuingia. Wengi hawakuwa.

Nje kabisa kuna daka, kibaraza kilichoingia kidogo ukutani, chenye viti vya mawe kushoto na kulia. Hapo mwenye nyumba alizungumza na mtu ambaye heshima inataka apewe pa kukaa lakini si lazima apite. Mlango ukifunguliwa unaingia tekani, na hapo njia inakata kona: hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, jicho la mpita njia linagonga ukuta. Baada ya kona ndipo kiwanda, uwanja mdogo usio na paa, na mwanga karibu wote wa nyumba unatoka hapo. Mgeni wa kiume, hasa mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi na ambaye hana budi kungoja miezi mpaka kusi ianze, alipewa sabule, chumba chake cha pembeni, na nyumba ikaendelea na shughuli zake bila yeye kuiona.

Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Msana wa tini uko wazi upande wa kiwanda. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kina giza zaidi ya mwenzake. Ukutani mwa ndani ndiko ziliko zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vyenye vichwa vya matao, zimezungukwa na nakshi zilizochongwa kwenye plasta ya chokaa. Humo ziliwekwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyotoka China, na vitabu. Zikiwa tupu, kama zilivyo nyingi leo baada ya kaure kuuzwa kwa wakusanyaji, watu huzidharau. Lakini sogeza uso karibu. Utaona nakshi ilikatwa kwa mkono, plasta ikiwa bado mbichi: hapa kisu kiliingia sana, pale mkato haukukutana na mwenzake, na tao la kushoto si pacha kamili wa tao la kulia. Fundi alikuwa na muda wa plasta kukauka, basi, si zaidi.

Nyuma ya zidaka, palipo na giza kuliko kote, ni nyumba kati. Huko mwanamke alijifungulia, na huko maiti alioshewa kabla ya kutolewa. Chumba ambacho mgeni hakukanyaga hata siku moja ndicho kilichobeba mambo mazito kuliko yote. Chooni mna birika, na birikani samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Jiko liko juu darini, moshi uende zake bila kupita vyumbani.

Anayeuliza kwa nini vyumba vyote ni vyembamba hivyo asimtafute msanifu. Atazame juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa. Mkoko ulionyooka na kunenepa vya kutosha hautoi boriti ndefu sana. Ukishaondoa sehemu inayozama ukutani huku na huku, unabaki na upana usiofika mita 3. Urefu wa chumba ni hiari ya mwenye pesa, upana ni hiari ya mkoko. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyochora nyumba za pwani hii kwa karne nyingi, na ndiyo sababu ukiingia magofu ya Gede au Songo Mnara baada ya kukaa Lamu unajikuta unajua pa kugeukia.

Kuta ni matumbawe ya nchi kavu, magumu na yasiyochongeka vizuri, yaliyounganishwa kwa chokaa na mchanga mpaka unene unakaribia nusu mita. Palipotakiwa nakshi ya jiwe, mafundi walikata tumbawe laini kutoka baharini. Likiwa bichi linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale, yaliyopangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa, kisha kumwagiwa maji na kuachwa. Kuachwa huko ndiko siku hizi tusikokuvumilia. Chokaa nzuri hukaa miezi, na mafundi wa zamani waliiona ya mwaka kuwa bora kuliko ya miezi.

Ikishapakwa, chokaa huvuta hewa ya ukaa na polepole inarudi kuwa jiwe, ila ni jiwe lenye vinyweleo. Mvua ikiingia inatoka. Unyevu wa ardhini ukipanda na chumvi yake, unafika usoni pa ukuta, upepo unaukausha, chumvi inadondoka pamoja na tabaka jembamba la chokaa, na msimu unaofuata tabaka hilo linapakwa upya. Kwa maneno mengine, nyumba ya chokaa haimalizwi kujengwa. Inadai fundi maisha yake yote, na anayeliona dai hilo kuwa kasoro hajaielewa.

Wala haikusimama peke yake. Katika familia za waungwana baba alimpa binti nyumba anapoolewa, au ghorofa juu ya nyumba ya mama yake, na aliyehama ni mume. Mabinti wakiwa wengi, nyumba ziliongezwa ubavuni, ziliongezwa juu, na nyingine zikavuka njia kwa wikio, daraja lililojengwa juu ya vichwa vya wapitao, ili mama na mabinti na madada watembeleane bila kushuka kichochoroni. Ukiitazama safu ya Mkomani kwa jicho hilo, unachokiona ni ukoo uliojipanga kwa mawe, tena ukoo uliojipanga kwa upande wa wanawake. Kuta zinazopakana zinapakana kwa sababu ya harusi. Nadhani ndiyo maana ramani za mpango miji, zinazohesabu kila kiwanja na mwenyewe, zimekuwa zikipata shida Lamu.

Nisionekane nailia enzi ile. Mawe hayo yalibebwa na watumwa, na chakula cha waungwana walioketi daka kilitoka mashamba ya ng'ambo ya kisiwa yaliyolimwa na watumwa. Watu wengi wa mji hawakuwa na nyumba ya mawe kabisa. Waliishi za udongo na makuti, na jiwe lenyewe lilikuwa tangazo la nani ni nani. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba yalikuwa yameshaanza kufa, reli ilikuwa imeshaipa Mombasa biashara yote, na Lamu ikabaki na nyumba kubwa na mifuko mitupu. Huo umaskini ndio uliotuhifadhia mji. Mombasa walikuwa na pesa za kubomoa, Lamu hawakuwa nazo. Hata sehemu iliyobadilika, ile safu ya ufukweni yenye veranda na madirisha, ilibadilika kwa kusogea baharini tu: ngome iliyomalizwa karibu mwaka 1821 ilikuwa ukingoni mwa maji, na leo iko nyuma ya safu nzima ya majengo yaliyosimama juu ya ardhi iliyofukiwa karne hiyohiyo ya 19.

Umaskini wa namna ile haupo tena, alhamdulillahi. Badala yake kuna pesa kidogo kidogo: mtoto aliyeko Ghuba anatuma, shamba limeuzwa, chumba kimekodishwa. Na pesa kidogo kidogo hununua saruji.

Nimesimama ndani ya nyumba moja ya Mkomani fundi akibandua plasta ya saruji msana wa tini. Haikudondoka punje punje. Ilitoka mapande mapande, ikibeba nyuma yake uso wa ukuta wa zamani. Jiwe lililobaki lilikuwa na majimaji, na chokaa iliyolishika ukiiminya inamomonyoka vidoleni. Ungaunga mweupe wa chumvi ulikuwa umejaa katikati ya tabaka mbili. Kisha fundi akapanda ngazi, akachukua msumari wa inchi nne, akausukuma kwa kidole gumba kwenye boriti pale inapoingia ukutani. Ulizama mpaka kichwani. Kwa nje, huku njiani, ukuta huo ulikuwa mzuri kuliko wa majirani wote, umenyooka na umepakwa rangi nyeupe.

Maelezo hayana uchawi. Saruji ni ngumu na imeziba kuliko kuta inazopakwa. Unyevu unapanda kama ulivyopanda siku zote, lakini sasa haupati pa kutokea. Unatafuta njia juu zaidi, mpaka unafika kwenye vichwa vya boriti, na mti uliozikwa kwenye ukuta wenye maji unaoza. Boriti zikioza, mwenye nyumba anaambiwa dawa ni zege. Zege inamwagwa, nzito kuliko dari ya zamani, juu ya kuta zilizokwisha kulainika. Na kwa kuwa zege haijali urefu wa mkoko, ukuta wa kati unaonekana hauna kazi, unabomolewa ili kupata sebule pana. Ukuta wenyewe ndio uliokuwa na zidaka.

Bibi mwenye nyumba alikuwa ameketi kiwandani akitutazama tunavyoshangaa. Nilimuuliza kwa upole kwa nini hawakutumia chokaa. "Mwanangu," akasema, "chokaa nitaingoja mwaka, mvua itaningoja mimi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sioni kwamba alikosea. Mfuko wa saruji uko dukani leo, fundi wa saruji yuko kila kona, na ukuta uliopigwa plasta Jumatatu Ijumaa umekauka. Inachekesha, kwa namna ya kuuma, kwamba hata saruji hiyo ni pwani yetu wenyewe: kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba matumbawe ya kale yaliyo chini ya ardhi pale. Malighafi ni ileile ya mababu, ila imechanganywa na udongo na kuchomwa kwa karibu nyuzi 1,450 badala ya 900 za tanuri ya chokaa. Moto ule wa ziada ndio unaotuponza.

Wenye pesa nyingi, kinyume chake, wanajua thamani ya chokaa. Nyumba zilizokarabatiwa vizuri kuliko zote, Lamu mjini na hasa kijiji cha Shela, nyingi ni za watu waliotoka Ulaya au zimegeuzwa hoteli. Fundi mzuri wa chokaa akitafutwa, yuko huko. Kazi yao siibezi. Baadhi wameokoa kuta ambazo sisi tungezitia kifusi. Lakini ingia uone zidaka zina taa za rangi nyuma ya kitanda cha wageni, nyumba kati imekuwa bafu lenye maji moto, na daka halina wa kuketi kwa sababu hakuna jirani wa kupita kusalimia. Jiwe limepona, nyumba imekwenda. Na binti wa mtaa, ambaye zamani angepewa ghorofa juu ya mama yake, amepanga chumba nje ya mji wa kale kwa sababu bei ya nyumba ya bibi yake sasa inasemwa kwa yuro.

Kwamba uso wa nje haukuambii hali ya jengo, wenzetu wa Unguja wamejifunza kwa gharama ya roho. Mji Mkongwe ulikuwa na mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na hadhi ya UNESCO tangu mwaka 2000. Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, ndilo jengo lililopigwa picha kuliko yote pale Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, upande wake wa mbele ulianguka na watu wawili wakafa. Sitaki kulinganisha kasri lenye nguzo za chuma na nyumba za Mkomani. Ni majengo ya aina tofauti. Ninalosema ni kwamba jengo kuonekana kila siku na kila mtu si sawa na jengo kujulikana hali yake.

Na hapa ndipo penye ugumu ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Hali ya nyumba ya Lamu iko ndani, na ndani si pa kila mtu. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 inaipa serikali mamlaka, lakini nyumba yenyewe inamzuia ofisa pale daka, kama ilivyomzuia kila mwanamume asiye wa nyumba kwa miaka mia mbili. Atakaribishwa, ataletewa kahawa, ataonyeshwa tekani na kwa bahati nzuri kiwanda. Hataingia msana wa yuu kupima boriti huku wanawake wa nyumba wakihama vyumba kumkwepa, na akilazimisha atakuwa amefanya ufidhuli ambao hautasahaulika mtaani. Kwa hiyo anakagua anachoweza kukiona, yaani ukuta wa nje na mlango, na ripoti inaandikwa juu ya ukuta wa nje na mlango. Picha za watalii na ripoti za wakaguzi zinafanana kwa sababu wote wawili wamesimama mahali pamoja.

Dawa ya hili ni nyepesi hata naona haya kuiandika gazetini: ajirini wanawake. Mabinti wa Lamu waliosoma uhandisi, ujenzi na usanifu wapo. Wafundishwe kupima unyevu, kusikiliza ukuta kwa kugonga, kuchora chumba. Wao wataingia mpaka nyumba kati na kupewa maandazi juu yake. Kazi haianzi sifuri. Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake wa mji huu mwaka 1975, na mwaka 1986 Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilitoa mpango wa hifadhi ulioandaliwa na Francesco Siravo na Ann Pulver. Wote walichora vyumba, si milango tu. Anayetaka kujua nyumba ipi imepoteza msana wake tangu wakati huo ana pa kuanzia.

Boriti ni suala la kibali. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti ya Lamu, na ni haki kuilinda. Usafirishaji wake nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982 baada ya karne nyingi za majahazi kuipeleka Uarabuni. Ila marufuku ya jumla ya ukataji miti iliyotangazwa mwaka 2018 iliwabana wakata mikoko wa Lamu pamoja na wapasua mbao wa milimani, na mtu mwenye dari inayoning'inia hakuwa na la kufanya ila kumwaga zege. Mgao mdogo wa boriti kwa ajili ya nyumba za mji wa kale pekee, zikatwe kwa zamu na kuhesabiwa bandarini, hautaumaliza msitu. Zege inaimaliza nyumba.

Inabaki hesabu ya bibi yule ya mvua na chokaa. Yeye hawezi kungoja mwaka. Kaunti inaweza, kwa sababu kaunti haivujiwi. Chokaa ikishachomwa na kulowekwa haiharibiki ikifunikwa na maji. Inazidi kuwa laini. Mashimo machache nyuma ya mji, chokaa ya kila mwaka ikitumiwa mwaka unaofuata, iuzwe kwa mkazi kwa bei isiyozidi ya saruji na kwa mwenye hoteli kwa bei kamili, na kila shimo liwe na fundi mmoja mzee na vijana wa chuo cha ufundi wa kumshikia mwiko. Gharama yake ni magogo, matumbawe ya nchi kavu, maji na mshahara. Likichimbwa shimo la kwanza kabla ya mvua za vuli, chokaa yake itafaa mwakani, na hilo halihitaji mfadhili wala barua kutoka Paris.